Macho Manane Ukutani

Jumamosi asubuhi, ndani ya mbuga ya kitaifa ya Ziwa Nakuru, magari ya watalii yameshika njia kumtafuta faru. Kwenye maegesho amebaki mtu mmoja aliyepiga magoti mbele ya ukuta wa choo, kamera imeusogelea ukuta hata ungedhani anaunusa. Wapitao husimama. "Umeona nini hapo?" Mpiga picha huwageuzia kioo cha kamera, nao huona uso wenye manyoya ya kijivu, macho mawili makubwa yanayong'aa kama shanga nyeusi, na mengine madogo yaliyozunguka kichwa. Kimya kidogo. Kisha huja swali ambalo mtoto na mzee, dereva wa matatu na mwalimu wa sayansi, wote huliuliza kwa neno moja:

"Anauma?"

Kila anayepiga picha za wadudu na buibui nchini Kenya amelijibu swali hilo mara zisizohesabika. Ni swali la haki. Aliyekulia Bonde la Ufa hufundishwa mapema kuuruka msafara wa siafu, kutoutupia mzinga mawe, na kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Ila likiwa swali la kwanza na la mwisho, huufunga mlango ambao picha imetoka kuufungua. Sura hii inalijibu, kisha inasogea hadi swali la pili, ambalo wachache hulifikia: kiumbe huyu anafanya nini hapa?

Mdudu asiyeuma lakini anaunguza

Mfano wa karibu ni yule ambaye Wakenya humwita Nairobi flai. Mvua kubwa zikinyesha huzagaa majumbani, Nakuru na Naivasha sawa na Nairobi, akifuata mwanga wa taa. Asubuhi mtu huamka na mstari mwekundu shingoni unaochoma kama alama ya maji moto, akasema ameumwa usiku.

Hakuumwa. Hata jina linapotosha, maana mdudu huyo si nzi bali ni mbawakawa, yaani mmoja wa kundi la wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu na kufunika yale ya nyuma kama kifuniko cha sufuria. Mwili wake ni mwembamba, urefu wake hauzidi sentimita moja, na una mapande ya rangi ya machungwa na nyeusi. Hana mwiba. Sumu iko ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na anayeitengeneza hasa ni bakteria anayeishi ndani ya mdudu jike. Humfikia mtu pale anapompiga kofi na kumpondea ngozini. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni pumzi: mpulize aende zake. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa sabuni na maji bila kuchelewa, wala usijishike machoni.

Je, buibui? Karibu wote wana sumu, kwa kuwa ndiyo silaha yao ya kulia chakula. Lakini kati ya spishi zaidi ya 50,000 zilizokwisha kupewa majina (spishi ni aina moja ya kiumbe, wanaozaana wao kwa wao), zinazoweza kumdhuru binadamu ni chache mno. Wapo wa kuheshimiwa, kama yule wa kahawia mwenye alama ya machungwa yenye umbo la saa ya mchanga chini ya tumbo, anayependa kujificha chini ya viti na kwenye pembe za vibanda. Huyo hapigwi picha kwa kumshika mkononi. Wengi wa wale wanaokimbizwa kwa ndala kila jioni hawana hata uwezo wa kupenyeza meno yao kwenye ngozi yetu.

Paka wa ukutani

Aliyekuwa kwenye ukuta wa choo ni buibui wa kuruka. Jamii yake ndiyo kubwa kuliko zote za buibui duniani, na kwa mpiga picha anayeanza hakuna mwalimu bora, kwa sababu hakimbii mara moja. Hugeuka akakutazama.

Hategi tandabui akangoja. Huwinda kwa macho, kama paka. Ana macho manane. Yale ya pembeni hunasa kitu chochote kinachotikisika, karibu pande zote za mwili. Yakishanasa, buibui hugeuza mwili mzima na kukielekezea yale mawili makubwa ya mbele, ambayo huona kwa makini ajabu kwa mnyama mwenye urefu wa punje ya mchele. Mboni za macho hayo hazizunguki kama zetu. Nyuma ya kila jicho kuna mrija, na mwishoni mwa mrija kuna utando unaopokea mwanga. Mrija ndio unaosogezwa na misuli ndani ya kichwa. Mpiga picha mvumilivu akipiga picha kumi mfululizo ataona jicho likibadilika, mara jeusi kabisa, mara kahawia. Hapo buibui anamkagua.

Kisha huruka. Miguu yake ya nyuma haina mapaja manene kama ya panzi. Husukumwa kwa maji ya mwili yanayoingizwa ghafla kwa nguvu, mfano wa mpira wa bustani unaonyooka bomba linapofunguliwa. Kabla ya kuruka hubandika uzi wa hariri mahali aliposimama, akikosa windo asianguke.

Magharibi mwa Bonde la Ufa, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, anaishi buibui wa kuruka ambaye angestahili kujulikana na kila mtoto wa Kenya. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na alipewa jina hilo mwaka 2003. Watafiti waliomchunguza Mbita, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, waligundua kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, humchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu huipata ndani ya mbu. Mbu anaowapenda kuliko wengine ni Anofelesi, wale wanaoeneza malaria. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa, harufu ileile inayowaita mbu.

Anayemfagia nje buibui wa namna hiyo anamtimua mlinzi asiyedai mshahara.

Makro ni nini hasa?

Ndani ya kamera kuna bamba dogo linalopokea mwanga, linaloitwa kihisio. Ukimpiga picha tembo, tembo mzima hunywea akaenea kwenye bamba hilo, ambalo hata kwenye kamera kubwa za kawaida lina upana wa milimita 36 tu. Makro ni kinyume chake. Mbu wa milimita 6 hujichora kwa milimita 6 zilezile, ukubwa wake halisi au zaidi. Picha hiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta, mbu huwa mkubwa kama paka.

Ukaribu huo una gharama. Kadiri lenzi inavyomsogelea kiumbe, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyokuwa nyembamba, hadi kubaki na unene wa milimita moja hivi. Fikiria unene wa sarafu. Jicho likiwa wazi, mguu wa nyuma ni ukungu. Upepo ukitikisa jani, au mpiga picha akipumua, yote yamekwenda. Ndiyo maana wapiga picha hawa huonekana wakilala kifudifudi. Kiwiko kikiegemea ardhini, mkono wa kushoto ukishika ua kwa kikonyo chake na lenzi ikapumzika juu ya mkono huohuo, ua na kamera hutikisika pamoja na picha hutulia. Wengine hupiga picha ishirini za mdudu yuleyule, kila moja ikilenga mbele kidogo kuliko iliyotangulia, kisha programu ya kompyuta huokota sehemu iliyo wazi ya kila picha na kuziunga.

Saa nayo ni kifaa. Wadudu hawana joto la ndani kama letu; hupashwa na jua. Jiji la Nakuru liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Molo ni juu zaidi. Kabla jua halijapanda juu ya Bonde, kereng'ende hukaa kwenye unyasi akiwa amelowa umande, mzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kila jicho lake limeundwa na vijicho maelfu kwa maelfu, na asubuhi hiyo, kwa dakika arobaini au hamsini, vinaweza kupigwa picha bila haraka. Jua likishamfikia, mwenye kamera abadilishe shabaha.

Vinavyotosha kuanza:

- Simu, na lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera yake. Hata kijilenzi kilichotolewa kwenye mashine ya DVD iliyokufa hukuza vizuri kikibandikwa hapo.
- Kwa mwenye kamera ya kubadilisha lenzi: pete tupu za kuweka kati ya kamera na lenzi, zinazoiruhusu kusogea karibu zaidi.
- Kipande cha plastiki nyeupe cha kuweka mbele ya flashi. Flashi tupu huacha doa kali kwenye gamba la mbawakawa. Plastiki huulainisha mwanga.
- Gunia la kupigia magoti.

Kwa ufupi: makro ni picha ya ukubwa halisi au zaidi, ugumu wake ni wembamba wa sehemu iliyo wazi, na msaada wake mkubwa ni baridi ya asubuhi, mwanga laini na mkono uliotulia.

Watu wanaolipwa kutazama vidogo

Kuna watu wa Bonde la Ufa ambao kutazama viumbe wadogo ni kazi yao ya kila siku, na si wapiga picha. Katika mashamba ya maua ya Naivasha wanaitwa maskauti. Hutembea kati ya vitalu vya waridi wakiwa na kioo cha kukuzia, hugeuza majani, huhesabu na kuandika.

Wanachotafuta zaidi ni utitiri mwekundu, kiumbe wa jamii ya buibui mwenye urefu wa nusu milimita, anayefyonza majani mpaka yakauke. Dawa za kunyunyizia humshinda kwa muda tu, kwa sababu huzaliana upesi na vizazi vyake hujenga ukinzani. Kwa hiyo mashamba mengi sasa huachia utitiri mwingine, mla nyama, wenye rangi ya machungwa na miguu ya haraka, uwawinde wale wala majani. Naivasha ndiko ilikoanzishwa hata kampuni ya kufuga viumbe wa namna hiyo kwa kuuza, Dudutech, jina lenye neno dudu ndani yake.

Mwendo wa saa mbili kutoka hapo, kwenye mashamba ya Njoro na Molo, umaarufu ulijengwa kwa kuua wadudu. Pareto, ua jeupe linalofanana na daisi, lina kemikali inayovuruga mishipa ya fahamu ya wadudu, na kwa miongo kadhaa Kenya ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kiwanda kikiwa mjini Nakuru. Historia hizo mbili, ya kuua na ya kufuga, zimo katika kaunti moja, na zote zinahitaji jambo lilelile: kujua nani ni nani.

Hapo ndipo picha ya karibu inapogeuka kuwa chombo cha mkulima. Kwenye sukuma wiki yenye vidukari, wale wadudu laini wa kijani wanaojazana chini ya jani, mara nyingi hutambaa kijidudu cheusi chenye miiba, mfano wa mamba mdogo. Mkulima humponda kwanza, kwa sababu anatisha. Kumbe ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi ambaye kila mtu humwona mzuri, naye hula vidukari mchana kutwa. Picha moja kwenye simu, ikikuzwa na kupitishwa kwenye kikundi cha wakulima, inaweza kumwokoa.

Kichuguu kilichofika hadi Oscar

Naivasha ndiko walikoishi Alan na Joan Root, wapiga filamu waliowageuzia kamera viumbe ambao watalii huwapita. Mwaka 1978 walitoa filamu ya Mysterious Castles of Clay, inayohusu kichuguu kimoja tu na wanaokitegemea. Msimulizi alikuwa mwigizaji maarufu wa Marekani, Orson Welles, na filamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ndefu za kumbukumbu za uhalisia.

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima. Huleta majani makavu na vijiti, na juu yake hupanda ukungu ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, kisha huula. Joto na hewa ya humo hutunzwa na umbo la kichuguu lenyewe. Mvua zinapofika, ukungu huo huchipuza juu ya udongo uyoga mnene ambao akina mama wa vijijini huujua kuliko mwanasayansi yeyote, na kumbikumbi hutoka kwa maelfu kuelekea taa za kibarazani. Wapo wanaokimbilia taa na sufuria. Anayekimbia na kamera hana budi kufanya haraka zaidi, kwani baada ya saa moja sakafu hujaa mabawa matupu.

Samaki walioletwa kwa sababu ya mbu

Ziwa Nakuru hutangazwa kwa ndege wake, ila historia ya ndege hao imefungamana na wadudu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wadogo wa jamii ya tilapia waliletwa kutoka Ziwa Magadi, lengo likiwa ni wale mabuu ya mbu. Samaki wakastawi, na pamoja nao wakaja mwari na ndege wengine walao samaki kwa wingi usiokuwepo awali. Na kati ya aina mbili za flamingo, au heroe, yule mkubwa huchuja matope ya ziwa akila mabuu ya visubi na viumbe wengine wadogo. Mgeni akipiga picha ya flamingo mkubwa ameinamisha kichwa majini, anapiga picha ya mlo wa wadudu.

Sisimizi, tembo na simba

Hakuna mfano unaoeleza uzito wa viumbe wadogo kama huu wa Laikipia, kaunti inayopakana na Nakuru. Kwenye nyanda zake humea mgunga mfupi ambao miiba yake imevimba chini kama vitunguu vyeusi. Vimbe hizo ni tupu ndani na zina matundu. Upepo ukipita hutoa mluzi. Ndani yake huishi sisimizi. Mti huwapa nyumba na asali inayotoka kwenye majani, nao huulinda: tembo akiingiza mkonga kuvunja tawi, hupanda kwa mamia na kumng'ata penye ngozi laini ndani ya pua. Tembo, mwenye tani kadhaa, huondoka.

Kisha wakaja sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao wameenea duniani kwa kusafiri na mizigo ya watu. Huwaua wenyeji, hula mayai na watoto wao, na hawaulindi mti. Tembo wakagundua kwamba migunga haina tena askari, wakaanza kuivunja. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, watafiti wakiongozwa na Mkenya Douglas Kamaru walifuatilia kilichofuata, na matokeo yakachapishwa Januari 2024 katika jarida la Science. Miti ilipopungua, mbuga ikawa wazi. Simba, ambaye huhitaji kichaka cha kujificha, akawa anaonekana mapema na punda milia. Kati ya 2003 na 2020, sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo kabisa, wakafika asilimia 42. Simba walilazimika kukabiliana na mnyama mwenye pembe na nguvu za kumuua simba, na chanzo ni vita vya sisimizi kwenye mwiba.

Anayepiga picha ya simba Laikipia leo huona tu kwamba anakula nyati. Aliyewahi kuinama mbele ya mgunga na lenzi ya makro anajua sababu.

Kumpiga picha bila kumuumiza

Wapo wanaomtia mdudu kwenye jokofu apoe ndipo wampange kwenye ua na kumpiga picha. Picha hutoka safi, lakini ni ya uongo: mdudu amekaa mahali asipokaa, kwa namna asiyokaa, na mara nyingine hafi leo bali kesho. Baridi ya Molo saa kumi na mbili na nusu asubuhi hufanya kazi hiyohiyo bure, tena mdudu akiwa kwake.

Picha inayotaka kujibu swali la "ni nani huyu?" isipigwe moja. Piga ya mgongo, ya ubavu na ya uso. Kwa buibui, ukiweza, na ya tumbo. Andika mahali, tarehe, na alikuwa juu ya nini. Kwenye jukwaa la iNaturalist wataalamu na wapenzi wa viumbe kutoka pande zote za dunia husaidiana kutaja majina, na picha ya simu kutoka ua wa kaiyaba wa Rongai ina nafasi sawa na ya profesa.

Wa kuanza naye ni vunjajungu. Mababu wa Pwani walisema kwamba anayemgusa atavunja chombo kitakachofuata mkononi mwake, na jina limebaki. Imani hiyo inamfaa mpiga picha, maana huyu hapaswi kuguswa. Huganda kwa dakika nyingi, hugeuza kichwa kumfuata mtu, na mikono yake iliyokunjwa ina meno kama msumeno.

Kisha wapige picha sisimizi, hata kama wanaonekana wote sawa. Chagua mstari wao kwenye shina la mgunga wa manjano, piga picha nyingi, na nyumbani uzikuze moja baada ya nyingine ukihesabu miguu. Sisimizi ana sita na papasi mbili kichwani, zile antena anazonusia. Siku moja mmoja wao atakuwa na minane, huku akiinua miwili ya mbele na kuitikisa kama papasi. Kiuno chake ni chembamba na mwendo wake ni wa hatua fupi za kusitasita, sisimizi kabisa, hadi picha inapofika usoni na kukuta macho mawili makubwa ya mbele. Ni buibui wa kuruka, ndugu wa yule wa ukuta wa choo. Afrika Mashariki ina spishi kadhaa za namna hiyo, na huishi karibu na sisimizi kwa sababu wanyama wengi wanaokula buibui hawataki kuwagusa sisimizi.